Kengele si barua: kusawazisha hifadhidata za matawi kwa triga za PostgreSQL

Triga, yaani kipande cha msimbo ambacho hifadhidata hukiendesha yenyewe rekodi inapobadilika, ikiandikwa vizuri, mauzo yaliyopigwa kaunta ya Mwanza yanaonekana makao makuu Dar es Salaam kabla mteja hajafika mlangoni. Ikiandikwa vibaya yanaonekana pia, ila si yote, na rekodi iliyopotea hailalamiki. Hakuna kosa kwenye logi wala ujumbe mwekundu. Mwisho wa mwezi mhasibu anakuta vitabu viwili visivyolingana, na hakuna anayejua tofauti ilianza siku gani.

Tuchukue duka la jumla lenye matawi matatu. Kila tawi lina hifadhidata yake ya PostgreSQL kwenye mashine ndogo iliyopo dukani, ili intaneti ikikatika kaunta iendelee kuuza. Makao makuu yana hifadhidata moja kubwa inayokusanya yote. Mauzo yanapanda juu, bei na orodha ya bidhaa zinashuka chini. Maelezo haya yanahitaji toleo la 13 au la baadaye, kwa kuwa ndipo `gen_random_uuid`, kazi inayotengeneza UUID (kitambulisho kisichojirudia), ilipoingia ndani ya PostgreSQL yenyewe bila kuongeza kiendelezi.

Safu ya muda haitoshi

Wengi huanza na safu inayoitwa `ilibadilishwa`, kisha skripti inayozunguka kila dakika na kuuliza: nipe zote zilizobadilika tangu mara ya mwisho. Ni rahisi, na inapoteza data. Kazi ya `now` kwenye PostgreSQL hurudisha saa ambayo muamala (kundi la mabadiliko yanayokubaliwa yote au kukataliwa yote) ulianza, si saa ulipothibitishwa. Muamala ulioanza 10:00:00 na kuthibitishwa 10:00:09 unaandika 10:00:00. Skripti iliyopita 10:00:05 haikuuona, kwa kuwa ulikuwa haujathibitishwa, lakini imeshaweka alama yake 10:00:05. Mzunguko unaofuata unaanzia hapo, na rekodi ile haitasomwa tena milele. Kubadilisha kwenda `clock_timestamp` kunapunguza pengo bila kulifunga. Zaidi ya hapo, rekodi iliyofutwa haina safu ya kusomwa, hivyo ufutaji hausafiri kabisa.

Njia ya pili inayovutia ni triga inayopiga simu yenyewe: inafungua muunganisho wa makao makuu kwa `dblink`, kiendelezi cha kuunganisha hifadhidata moja na nyingine, na kuandika kule moja kwa moja. Hii nasema wazi, usifanye. Triga inafanya kazi ndani ya muamala wa keshia. Mtandao ukizubaa sekunde 20, keshia anasubiri sekunde 20 na foleni ya wateja inakua. Na muamala ukirudishwa nyuma baada ya simu kupigwa, makao makuu yana mauzo ambayo tawini hayakutokea.

Njia ya tatu ni `NOTIFY`, amri inayotuma ujumbe mfupi kwa programu zinazosikiliza kwa `LISTEN`. Ni nzuri kwa kazi yake, lakini watu huitwika mzigo usio wake. Wanaweka rekodi nzima ndani ya ujumbe na kutegemea ufike. Ujumbe wa `NOTIFY` kwa kawaida lazima uwe chini ya baiti 8000, na kama hakuna anayesikiliza wakati huo, unapotea. Mashine ikizimika dakika tano, dakika tano za mauzo zimekwenda. Kengele inaita mtu aje kuchukua barua, lakini barua yenyewe lazima iwe imewekwa mahali.

Kikasha

Mahali hapo ni jedwali la kawaida, ndani ya hifadhidata ileile ya tawi:

```sql
CREATE TABLE kikasha (
  namba   bigint GENERATED ALWAYS AS IDENTITY PRIMARY KEY,
  tukio   uuid NOT NULL DEFAULT gen_random_uuid(),
  jedwali text NOT NULL,
  kitendo text NOT NULL,
  ufunguo uuid NOT NULL,
  data    jsonb,
  wakati  timestamptz NOT NULL DEFAULT clock_timestamp()
);
```

Triga inaandika humo ndani ya muamala uleule wa mauzo. Mauzo yakithibitishwa, barua ipo. Yakirudishwa nyuma, barua nayo haipo. Hakuna hali ya katikati, na hiyo ndiyo sababu pekee ya kupitia usumbufu huu wote.

```sql
CREATE FUNCTION weka_kikashani() RETURNS trigger
LANGUAGE plpgsql SECURITY DEFINER
SET search_path = public, pg_temp AS $$
BEGIN
  IF COALESCE(current_setting('usawazisho.chanzo', true), '') <> '' THEN
    RETURN NULL;
  END IF;
  IF TG_OP = 'DELETE' THEN
    INSERT INTO kikasha (jedwali, kitendo, ufunguo)
    VALUES (TG_TABLE_NAME, TG_OP, OLD.id);
  ELSE
    INSERT INTO kikasha (jedwali, kitendo, ufunguo, data)
    VALUES (TG_TABLE_NAME, TG_OP, NEW.id, to_jsonb(NEW));
  END IF;
  PERFORM pg_notify('kikasha', '');
  RETURN NULL;
END $$;

CREATE TRIGGER mauzo_kikashani
AFTER INSERT OR UPDATE OR DELETE ON mauzo
FOR EACH ROW EXECUTE FUNCTION weka_kikashani();
```

Triga ni ya `AFTER` kwa makusudi. Triga za `BEFORE` zinaweza kubadilisha rekodi, na zikiwa kadhaa zinafuatana kwa alfabeti ya majina yao. Ukinakili kwenye `BEFORE` unaweza kunakili rekodi kabla mwingine hajaigusa. `AFTER` inaona kilichoandikwa kweli.

`SECURITY DEFINER` inahitajika kwa sababu mtumiaji wa programu ya kaunta hapaswi kuwa na ruhusa ya kugusa kikasha. Bila hiyo, triga inaendeshwa kwa ruhusa za keshia, inakataliwa kuandika, na mauzo yenyewe yanakwama. Hili likumbukwe daima: triga ikishindwa, mauzo yameshindwa. Kwa hiyo iwe fupi, isiite kitu cha nje, isifanye hesabu.

Ujumbe wa `pg_notify` ni mtupu. Jumbe zinazofanana ndani ya muamala mmoja huunganishwa kuwa moja, hivyo ankara yenye bidhaa 60 inapiga kengele mara moja tu.

Mambo matatu huisumbua triga hii. `TRUNCATE`, amri inayomwaga jedwali zima mara moja, haiwashi triga za rekodi mojamoja. Ondoa ruhusa yake kwa `REVOKE TRUNCATE` au weka triga ya `AFTER TRUNCATE` inayokataa. Kubadilisha `id` ya rekodi kunaacha rekodi ya zamani makao makuu kama yatima, zuia kabisa. Na `UPDATE` isiyobadilisha kitu, ambayo programu nyingi hufanya kila fomu inapohifadhiwa, inajaza kikasha bure. Dawa yake ni kutenga triga ya `UPDATE` peke yake yenye sharti `WHEN (OLD.* IS DISTINCT FROM NEW.*)`, lazima itengwe kwa kuwa triga ya `INSERT` hairuhusiwi kutaja `OLD`.

Ufunguo ni UUID, na hapa hakuna mjadala. Matawi matatu yenye namba zinazojipanga zenyewe yote yatakuwa na mauzo namba 1. PostgreSQL 18 ina `uuidv7`, ambayo hupangika kwa muda na haitawanyi indeksi. Ukiwa nayo, itumie.

Tarishi

Anayechukua barua ni skripti moja inayoishi kwenye mashine ya tawi, jirani na hifadhidata. Naiita tarishi. Iko tawini kwa sababu tawi mara nyingi linatumia intaneti ya simu, na huko hakuna anwani ambayo makao makuu yanaweza kuipigia. Tarishi ndiye anayetoka kwenda. Na akirudi, anabeba bei mpya kutoka kikasha cha makao makuu.

```python
sikio.autocommit = True
sikio.cursor().execute("LISTEN kikasha")
while True:
    while peleka_fungu(500) > 0:
        pass
    select.select([sikio], [], [], 30)
    sikio.poll()
    sikio.notifies.clear()
```

Huu ni mtindo wa `psycopg2`, maktaba ya Python ya kuongea na PostgreSQL. `peleka_fungu` hupeleka barua hadi 500 na kurudisha idadi yake. Mpangilio una maana. `LISTEN` kwanza, kisha kumaliza kilichopo kikashani, kisha kusubiri. Ukianza kumaliza kikasha halafu ndipo usikilize, kengele iliyopigwa katikati haikufikii. Muda wa sekunde 30 ni bima: hata kengele ikipotea kwa sababu yoyote, barua inachelewa nusu dakika, haipotei.

Muunganisho wa `sikio` uwe wa peke yake, usiotumika kwa maswali mengine, na usiachwe ndani ya muamala uliofunguka. Msikilizaji aliyekwama kwenye muamala huzuia foleni ya jumbe kusafishwa. Ikijaa, kila muamala wenye `NOTIFY` unashindwa kuthibitishwa. Kazi ya `pg_notification_queue_usage` inakuonyesha imejaa kiasi gani, kuanzia 0 hadi 1. Tena, usipitishe `sikio` kwenye PgBouncer (programu ya kugawana miunganisho) iliyowekwa hali ya muamala. `LISTEN` haifanyi kazi pale. Soketi ya ndani ya mashine inatosha.

Tarishi awe mmoja tu kwa kila kikasha. Mwanzoni aombe kufuli ya `pg_try_advisory_lock` kwa namba uliyoichagua, akinyimwa, ajizime. Systemd, msimamizi wa programu kwenye Linux, imuinue akianguka, `Restart=always` na `RestartSec=5`.

Sasa tusogee karibu na sehemu inayovunja mifumo mingi, yaani namna ya kutoa barua kikashani.

Kaunta ya kwanza inaanza muamala na triga inampa namba 1041. Muamala unasubiri, labda ankara ni ndefu na bidhaa bado zinaongezwa. Kaunta ya pili inaanza na kumaliza haraka: namba 1042, imethibitishwa. Tarishi anafungua kikasha, anaona 1040 na 1042. 1041 haionekani kwake, kwa sababu haijathibitishwa. Anapeleka 1040 na 1042. Wakati yuko njiani, kaunta ya kwanza inathibitisha, na 1041 inaonekana. Tarishi anarudi na kuandika:

```sql
DELETE FROM kikasha WHERE namba <= 1042;
```

Amefuta barua ambayo hakuwahi kuipeleka. Matokeo ni yaleyale kama hafuti ila anaweka alama "nimefika 1042" na mara ijayo anauliza `namba > 1042`. Namba hutolewa kwa mpangilio wa kuomba. Miamala huthibitishwa kwa mpangilio wake. Kwenye majaribio ya mtu mmoja kosa hili halionekani kamwe. Linaonekana siku ya msongamano, ndiyo siku yenye fedha nyingi.

Sahihi ni kufuta zile tu ulizozishika mkononi:

```sql
SELECT namba, tukio, jedwali, kitendo, ufunguo, data::text
FROM kikasha ORDER BY namba LIMIT 500;

-- baada ya makao makuu kuthibitisha
DELETE FROM kikasha WHERE namba = ANY(%s);
```

1041 inabaki, inachukuliwa mzunguko unaofuata. Je, kupitwa na 1042 kunaharibu mpangilio? Kwa rekodi moja hapana. Anayebadilisha rekodi anaishikilia kwa kufuli hadi amalize muamala, hivyo anayefuata lazima asubiri, na triga yake inapata namba kubwa zaidi. Kwa rekodi ileile, mpangilio wa namba ndio mpangilio wa mabadiliko. Hii ni kweli mradi mfuatano wa namba una `CACHE 1`, ambayo ndiyo chaguo-msingi; ukiipandisha, kila muunganisho unajitengea namba zake mapema na ahadi hiyo inavunjika. Inavunjika pia ukiweka matarishi wanne wanaogawana kazi kwa `SKIP LOCKED` (kuruka rekodi zilizoshikwa na mwingine), maana mmoja anaweza kubeba badiliko la pili kabla mwenzake hajafika na la kwanza.

Kuna wapokeaji wawili au watatu? Triga iandike barua moja kwa kila mpokeaji, kila mmoja na tarishi wake. Wapo wanaopendelea kuhifadhi namba ya muamala ya `pg_current_xact_id` na kusoma tu ya chini ya `pg_snapshot_xmin`. Hiyo haipotezi rekodi, lakini haihifadhi mpangilio: muamala wenye namba ndogo unaweza kubadilisha rekodi baada ya wenye namba kubwa. Ukiitumia, mpokeaji lazima akatae badiliko lenye `namba` ndogo kuliko aliyonayo tayari.

Jambo dogo lenye gharama kubwa ni `data::text`. Bila hiyo, `psycopg2` inageuza JSON kuwa vitu vya Python, na kiasi cha fedha chenye senti kinakuwa namba ya desimali inayoelea. Acha ibaki maandishi kutoka PostgreSQL moja hadi nyingine. Python ibebe bahasha bila kuifungua.

Upande wa kupokea

Umeme unaweza kukatika baada ya makao makuu kuthibitisha na kabla tarishi hajafuta. Akiamka atapeleka tena fungu lilelile. Kwa hiyo mpokeaji lazima aweze kupokea kitu kilekile mara mbili bila madhara.

```sql
BEGIN;
SELECT set_config('usawazisho.chanzo', 'mwanza', true);

INSERT INTO yaliyopokelewa (tukio) VALUES ($1)
ON CONFLICT DO NOTHING;
-- imeingia 1: endelea, imeingia 0: ruka

INSERT INTO mauzo
SELECT * FROM jsonb_populate_record(NULL::mauzo, $2::jsonb)
ON CONFLICT (id) DO UPDATE
SET kiasi = EXCLUDED.kiasi, hali = EXCLUDED.hali;
COMMIT;
```

Kumbuka ukaguzi unatumia `tukio`, si `namba`. Mashine ya tawi ikiharibika na ukarejesha chelezo ya jana, mfuatano wa namba unarudi nyuma. Mauzo mapya ya leo yatapata namba zilizokwisha kutumika, na makao makuu yakiangalia namba yatasema "hizi ninazo" na kuzitupa kimyakimya. UUID haijirudii. Rekodi za `yaliyopokelewa` zilizopita siku 30 zinaweza kufutwa.

Mabadiliko yote 500 yaingie kwa muamala mmoja, lakini kila moja likingwe na `SAVEPOINT`, alama ya kurudi ndani ya muamala. Bila hiyo, rekodi moja mbovu inafunga tawi zima. Tarishi anaipeleka, inakataliwa, anajaribu tena, na nyuma yake kikasha kinajaa. Tofautisha makosa kwa msimbo wake. Yanayoanza na `08`, pamoja na `57P01`, ni ya muunganisho: subiri, jaribu tena. `40001` na `40P01` ni migongano ya muda: rudia fungu zima tangu mwanzo. Yanayoanza na `23` ni ya data yenyewe, hayataisha kwa kurudia: hamishia jedwali la pembeni pamoja na ujumbe wa kosa, na mtu aarifiwe. Muda wa kusubiri uongezeke sekunde 1, 2, 4, hadi 60, na uongezwe sekunde chache za bahati nasibu, ili mtandao ukirudi matawi yote yasigonge mlango kwa pamoja.

Hali, si hesabu. Miondoko, si salio

Tuma hali ya rekodi baada ya badiliko, usitume "ongeza 5". Lakini salio la stoo ni mtihani wa peke yake. Tawi lina mifuko 40 ya unga. Linauza 3, linaandika 37. Wakati huohuo makao makuu yanaingiza mifuko 10 iliyotumwa, kwao 40 inakuwa 50. Ukisawazisha salio, atakayeandika mwisho anashinda: utapata 37 au 50, na yote mawili ni uongo. Usisawazishe salio. Sawazisha miondoko, kutoka 3 na kuingia 10, kila mmoja rekodi yake yenye UUID isiyobadilishwa kamwe, na kila upande ujumlishe mwenyewe. Utapata 47 pande zote, hata barua zikifika kwa mpangilio gani.

Kwa vitu visivyojumlishika, kama bei au jina la bidhaa, amua mwenye mali ni nani. Bei ni ya makao makuu. Tawi linaisoma tu. Kugawa umiliki kwa jedwali kunaondoa migongano mingi kuliko kanuni yoyote ya kulinganisha saa, na saa za mashine za madukani si za kuaminiwa.

Mzunguko

Makao makuu yakiandika badiliko lililotoka Mwanza, triga ya makao makuu nayo inaamka. Isipozuiwa, itairudisha Mwanza, Mwanza itairudisha Dar, na hazitaacha. Ndiyo maana kuna ule mstari wa `set_config` kwa mpokeaji na ukaguzi wake mwanzoni mwa triga. Kigezo cha tatu, `true`, kinaufanya uishe pamoja na muamala. Uangalifu mmoja: baada ya muamala kuisha, kwenye muunganisho uleule, `current_setting` hairudishi `NULL` bali maandishi matupu. Anayekagua `IS NOT NULL` peke yake atakuta triga imelala kwenye muunganisho huo hadi ufungwe, na mabadiliko yote yanapita bila kuandikwa. `COALESCE` kwenye triga ipo kwa ajili hiyo.

Wengine hutumia `session_replication_role = replica`. Inazima triga kweli, ila ukaguzi wa funguo za kigeni nao umejengwa kwa triga, na unazimwa pamoja nazo. Utaingiza mauzo ya bidhaa isiyokuwepo na hakuna atakayekuzuia.

Kubadilisha majedwali

`jsonb_populate_record` haijali ufunguo isioujua, na safu isiyotajwa inaipa `NULL`, hata kama jedwali lina thamani ya chaguo-msingi. Ukiongeza safu tawini kabla ya makao makuu, data ya safu hiyo inatupwa bila neno. Kwa hiyo safu mpya ianze makao makuu, iruhusu `NULL`, ndipo iende matawini. Kuondoa ni kinyume: matawini kwanza. Na subiri vikasha viishe kati ya hatua mbili. Tawi lililozimika wiki nzima litaleta barua za muundo wa zamani.

Saa zote ziwe `timestamptz`. Seva ya kukodi huko nje kwa kawaida inakaa saa za UTC, nasi tuko mbele saa 3. Kwa `timestamp` ya kawaida, lori lililoshusha mzigo saa saba usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai linaweza kuonekana limeshusha saa nne usiku tarehe 30 Juni, na hesabu za miezi miwili zimeharibika.

Kuanza, na kulinda

Mara ya kwanza fuata mpangilio huu: weka triga, nakili data iliyopo, ndipo uwashe tarishi. Yatakayobadilika wakati wa kunakili yatakuwa kikashani, na yatapita juu ya nakala bila madhara. Ukinakili kwanza halafu ukaweka triga, kila kilichotokea katikati kimepotea. `CREATE TRIGGER` inasubiri wanaoandika wamalize na kuwazuia wapya, hivyo weka `lock_timeout` ya sekunde 3 na ufanye duka likiwa limefungwa.

Kikasha kinaandikwa na kufutwa siku nzima, kwa hiyo mabaki yake hujaa haraka. Kwa usafishaji wa kujiendesha (autovacuum) wa jedwali hilo peke yake weka `autovacuum_vacuum_scale_factor = 0` na `autovacuum_vacuum_threshold = 1000`.

Mtu atauliza kwa nini tusitumie usawazishaji wa kimantiki (logical replication) uliomo ndani ya PostgreSQL tangu toleo la 10. Kwa seva mbili zenye mtandao imara ni bora kuliko haya yote, na toleo la 16 limeongeza `origin = none` ya kuzuia mzunguko. Tatizo lake kwa tawi ni kwamba nafasi ya usawazishaji (replication slot) hushikilia faili za WAL, yaani kumbukumbu za kila badiliko, hadi mpokeaji azipate, na `max_slot_wal_keep_size` kwa chaguo-msingi haina kikomo. Intaneti ikikatika siku nne, diski ndogo ya dukani inajaa na hifadhidata inasimama. Ukiweka kikomo, nafasi inabatilishwa na unanakili upya kila kitu. Kikasha kinashika mabadiliko ya majedwali uliyochagua tu.

Wenye hifadhidata ya MySQL wanaweza kujenga kikasha hikihiki, wakijua kwamba ufutaji unaotiririka kupitia funguo za kigeni hauwashi triga kule, na kwamba tukio la ratiba (kazi inayojiendesha kwa saa iliyopangwa) lililochelewa kuisha halizuii linalofuata kuanza. Lilinde kwa kufuli ya `GET_LOCK`.

Pima umri wa barua kongwe, si idadi yake peke yake:

```sql
SELECT count(*), now() - min(wakati) FROM kikasha;
```

Umri ukipita dakika 15 saa za kazi, mtu apigiwe. Na kila usiku, kila upande uhesabu mauzo ya jana ya kila tawi: idadi, jumla ya fedha, na alama ya `md5(string_agg(id::text || kiasi::text, '' ORDER BY id))`. Panga kwa `id` ya aina ya UUID, usipange kwa maandishi, kwa kuwa seva zenye lugha tofauti hupanga herufi tofauti na alama hazitalingana hata data ikiwa sawa. `kiasi` iwe `numeric(14,2)` pande zote, la sivyo 100 na 100.00 zitatoa alama mbili. Mipaka ya "jana" itajwe kwa `Africa/Dar_es_Salaam` waziwazi. Alama zikitofautiana, gawanya siku kwa saa, kisha saa kwa rekodi. Ndani ya maswali matatu unakuwa umeishika rekodi yenyewe, na `id` yake inakuambia ianzie kutafutwa kwenye jedwali la pembeni au kwenye logi ya tarishi.